WAGENI WA MASIKA

Mwezi wa Desemba tulifika Igalula, katika wilaya ya Uyui, kulitembelea darasa la kisomo. Tulikuwa tumejiandaa kuzungumza habari za mbolea. Hatukufika mbali. Tulikuta wanakisomo wana ugomvi wao, na ugomvi wenyewe ulihusu ndege.

Kijana mmoja, mkulima wa mpunga, alisimama akasema:

"Mwalimu, hawa korongo wamenichosha. Wamejaa kwenye majaruba yangu, wanakanyaga mpunga. Dawa ya tumbaku ninayo nyumbani. Nitaipaka kwenye dagaa, niwatupie. Siku mbili tu, watakwisha."

Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango akamjibu:

"Mwanangu, usithubutu. Korongo ndio wanaoleta mvua. Tangu enzi za babu zetu, tukiwaona hawa tunashika jembe. Ukiwaua, utatuletea ukame."

Basi darasa likagawanyika. Wengine wakawa upande wa kijana, wengine upande wa mzee. Mwisho mama mmoja akainua mkono:

"Wote wawili mnasema tu. Je, kuna mtu aliyekwenda kuangalia hao ndege wanakula nini?"

Kimya. Hakuna aliyekwenda. Hata sisi walimu hatukuwa tumekwenda. Tukakubaliana kuweka mbolea pembeni na kwenda mbugani kesho yake alfajiri, tukatazame kwa macho yetu. Tunaandika hapa yale tuliyoyaona, pamoja na yale tuliyoyasoma baadaye, ili na wewe msomaji uyajue.

TULICHOKIONA MBUGANI

Tulifika mbugani kabla jua halijatoka. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, udongo mweusi unanasa miguu. Tukakaa chini ya mti, jua likiwa nyuma yetu, tukatulia.

Kulipopambazuka tuliwaona. Walikuwa wa namna tatu.

Wa kwanza ni korongo weupe. Ni ndege mrefu, karibu mita moja. Mwili ni mweupe, ncha za mabawa ni nyeusi, mdomo na miguu ni myekundu. Akikunjua mabawa yote mawili, upana wake ni kama mita mbili.

Wa pili ni korongo wenye tumbo jeupe. Hawa ni wafupi kidogo. Mgongo na shingo ni vyeusi vinavyong'aa, tumbo ndilo jeupe. Hawa ndio wengi, na ndio hasa ambao wazee wengi huwaita ndege wa mvua.

Wa tatu kila mtu anawafahamu, yangeyange. Hao walikuwa wakifuata ng'ombe na kudonoa wadudu wanaorushwa na kwato.

Korongo walitembea katika nyasi taratibu, wamejipanga kama watu wanaopalilia. Kila hatua mbili tatu, mdomo chini. Tuliangalia kwa saa mbili. Walikuwa wanakula panzi, viwavi na vyura. Hatukumwona hata mmoja akila punje au kung'oa mche ili aule. Na hivyo ndivyo vitabu vinavyosema: korongo hawa ni walaji wa nyama. Hula panzi, nzige, viwavi, vyura, panya na hata nyoka wadogo. Mpunga si chakula chao.

Lakini tuseme ukweli wote. Tulikwenda pia kwenye majaruba ya yule kijana. Kweli, kona moja ilikuwa imekanyagwa. Ni mahali pa kutandika mkeka mmoja. Kijana hakusema uongo. Hasara ilikuwepo. Swali likawa: je, hasara ya mkeka mmoja ni sababu ya kumwaga sumu mbugani? Tutarudi kwenye swali hilo.

WANATOKA WAPI?

Mama yule yule akauliza: "Sasa hawa wanatoka wapi? Mwezi wa nane hawakuwepo."

Korongo mweupe anatoka mbali sana. Huzaliwa Ulaya, katika nchi kama Poland na Ujerumani. Huko hujenga tago lake juu ya mapaa ya nyumba na juu ya nguzo. Mwezi wa Agosti, kabla baridi haijaanza, huondoka. Wale wanaokuja upande wetu hupita Uturuki, Siria na Misri, wakafuata bonde la mto Nile hadi Sudan, kisha Afrika Mashariki. Wengine huendelea mpaka Afrika ya Kusini. Safari hiyo ni karibu kilomita 10,000 kwa kwenda tu.

Kwa nini wasikate njia wakavuka bahari moja kwa moja? Kwa sababu korongo ni mzito. Hawezi kupiga mabawa siku nzima. Yeye husubiri jua lipashe ardhi joto. Hewa ya moto hupanda juu kama moshi wa jikoni, naye hutandaza mabawa akapandishwa nayo. Akifika juu sana huteleza mbele, kisha hutafuta hewa nyingine ya moto. Juu ya bahari hewa ya namna hiyo ni haba. Ndiyo maana huzunguka nchi kavu.

Korongo mwenye tumbo jeupe yeye ni Mwafrika. Huzaa watoto wake katika nchi zilizo kusini ya jangwa la Sahara, toka Senegal hadi Sudan na Ethiopia, wakati wa mvua za huko. Mvua hizo zikiisha, huvuka ikweta kuja kwetu.

Wapo na wageni wadogo. Mbayuwayu anayekaa kwenye nyaya ana uzito wa gramu 20 hivi. Hizo ni kama vijiko vinne au vitano vya chai vya sukari. Ndege huyo huvuka jangwa la Sahara mara mbili kila mwaka, kwenda na kurudi.

Na yupo kozi wa Amur, ndege mdogo wa jamii ya kipanga. Huyu huzaliwa mashariki ya Urusi na kaskazini ya China. Hupita India, halafu huvuka Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 3,000 bila kutua. Huingia Afrika Mashariki mwezi wa Novemba na Desemba, akielekea kusini. Anakuja wakati gani? Wakati ule kumbikumbi wanapotoka! Huwala wakiwa angani.

WATU WALIJUAJE?

Zamani watu wa Ulaya hawakujua korongo wao huenda wapi wakati wa baridi. Wengine walisema mbayuwayu hulala chini ya matope ya ziwa.

Mwaka 1822 jambo la ajabu likatokea. Karibu na kijiji cha Klütz huko Ujerumani alipatikana korongo aliyechomwa shingoni na mshale mrefu, karibu sentimita 80. Mshale ulikuwa bado umo shingoni. Wataalamu walipouchunguza wakaona mti wake na kazi yake ni ya Afrika. Kumbe! Ndege huyo alipigwa mshale Afrika, hakufa, akaruka na mshale wake hadi kwao. Mpaka leo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Mwindaji aliyekosa kitoweo siku ile aliwafundisha watu wa Ulaya jiografia.

Mwaka 1899 mwalimu mmoja wa shule huko Denmaki, jina lake Hans Christian Mortensen, alianza kuwavisha ndege pete nyepesi za chuma cha alumini miguuni. Kila pete ilikuwa na namba na anwani. Aliyemwokota ndege aliweza kuandika barua.

Mwezi wa Mei mwaka 1911, mtu mmoja wa Uingereza aitwaye John Masefield alimvisha mbayuwayu pete. Mwezi wa Desemba mwaka 1912 ndege huyo alipatikana Natal, Afrika ya Kusini. Barua ikaandikwa, na jibu likapatikana.

Wanakisomo, mnaona faida ya kujua kusoma na kuandika? Aliyemwokota ndege yule angekuwa hajui kusoma, pete ingekuwa pambo la mtoto tu.

Siku hizi wapo ndege wanaobebeshwa vyombo vidogo mgongoni, na safari yao hufuatwa kwa setilaiti.

NDEGE NA WAPAGAZI

Sisi watu wa Unyamwezi tuna njia nyepesi ya kulielewa jambo hili. Tukumbuke babu zetu wapagazi.

Njia ya misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita karibu na hapa. Majina ya Tura, Rubuga na Kigwa yamo katika habari za wasafiri wa karne ya 19. Waingereza Burton na Speke walipita njia hiyo. Waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kaze, ambayo ni Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na misafara ya miguu ikapungua.

Mpagazi alibeba mzigo wa karibu kilo 30. Wanyamwezi wengi waliondoka baada ya mavuno, kiangazi, wakajitahidi kurudi kabla ya wakati wa kulima. Walikuwa na majira yao, kama ndege.

Je, msafara uliishi kwa nini? Kwa kambi. Kila kambi ilipaswa kuwa na maji na chakula. Mashariki ya Tura kulikuwa na pori la kutisha lililoitwa Mgunda Mkali. Maji yalikuwa haba na vijiji vilikuwa mbalimbali. Msafara ukikuta kisima kimekauka, watu walikufa. Haikusaidia kitu kwamba kambi iliyotangulia ilikuwa na neema.

Basi ndege wasafiri wako hivyo hivyo. Mgunda Mkali wao ni jangwa la Sahara, lenye upana wa zaidi ya kilomita 1,500. Kambi zao ni mabwawa, mbuga na mabonde ya mito. Mtu wa Ujerumani anaweza kumjengea korongo mahali pazuri pa kuweka tago. Mtu wa Misri anaweza kumwacha apite salama. Lakini sisi tukiiharibu kambi ya Igalula, korongo hatarudi Ujerumani. Na wao wakimuua kule, hatafika Igalula.

Kwa hiyo ndege huyu hana mwenyewe mmoja. Kila kijiji njiani kina sehemu yake.

JE, KORONGO HULETA MVUA?

Sasa turudi kwa mzee wetu.

Mvua hufuata jua. Jua linapoelekea kaskazini, mvua hunyesha huko, toka Senegal mpaka Sudan, mwezi wa Juni hadi Septemba. Jua linaporudi kusini, mvua nayo hushuka. Huku Tabora huanza mwezi wa Novemba na kuendelea mpaka Aprili. Mvua ikinyesha nyasi huota, wadudu huzaliana, vyura huamka. Chakula hicho ndicho korongo anachokifuata, kama mtu anavyofuata gulio.

Kwa hiyo ndege haleti mvua. Mvua ndiyo inayomleta ndege. Lakini mzee hakukosea yote. Ndege ni dalili. Wazee wetu hawakuwa na redio wala kalenda ya ukutani, walisoma mbingu na wanyama. Huo nao ulikuwa usomaji.

Ila tahadhari. Dalili inaweza kudanganya. Korongo huweza kupita akifuata mvua iliyonyesha mbali, nawe shambani kwako udongo ni mkavu. Usipande mbegu kwa kumwona ndege tu. Sikiliza redio, fuata utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, muulize bwana shamba au bibi shamba, na chimba udongo uone unyevu umefika wapi.

FAIDA YAO KWETU

Kila mkulima anamjua adui aitwaye kiwavijeshi. Nondo wake huja na upepo usiku baada ya mvua za kwanza, hutaga mayai, na baada ya siku chache shamba la mahindi, mpunga au mtama hubaki vijiti. Korongo hupenda sana viwavi hao. Palipo na viwavijeshi wengi, korongo hukusanyika kwa mamia.

Hatusemi kwamba ndege watamaliza viwavi wote. Wakizidi, ni lazima utoe taarifa kwa bwana shamba upesi. Lakini kila kiwavi anayeliwa ni kiwavi ambaye hatakula mahindi yako. Korongo hakuombi posho.

Na ukiona korongo wengi wamejikusanya ghafla mahali pamoja, nenda ukaangalie. Huenda wanakuonyesha viwavi kabla wewe hujawaona.

Wapo ndege ambao ni wezi wa kweli. Huyo ni kwelea kwelea. Ni mdogo, lakini huja kwa makundi makubwa mno. Mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Fanya hesabu: kwelea milioni moja hula kilo 10,000 kwa siku moja, yaani magunia 100 ya kilo mia mia. Huyo lazima tupambane naye. Tuamie mashamba, tuvune mapema, tupeleke taarifa kwa maofisa wa kilimo. Lakini kazi ya kunyunyizia sumu ya kwelea ni ya wataalamu. Sumu ile huua pia vipanga na bundi wanaokula kwelea waliokufa.

Kwa hiyo tusiwahukumu ndege wote kwa kosa la mmoja. Kwanza tumtambue mwizi.

SUMU HAINA MACHO

Ndugu msomaji, fikiria dagaa wale wenye dawa ya tumbaku.

Korongo atakula, ndiyo. Lakini dagaa mwingine ataliwa na mbwa wako. Mwingine ataliwa na kuku wa jirani. Mvua itanyesha, dawa itatiririka mpaka kwenye kidimbwi. Ng'ombe watakunywa hapo. Akina mama watachota hapo. Na watoto wakimkuta korongo amelala chini, watafurahi kupata kitoweo, watamchoma. Nani atawaambia kwamba nyama ile ina sumu? Kumpika ndege hakuiondoi sumu.

Tulipofika hapo darasani, mama mmoja alimgeukia yule kijana, akasema taratibu: "Mwanangu, kidimbwi cha chini ya majaruba yako, mimi nachota hapo." Hakuongeza neno.

Juu ya hayo, iko sheria. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kuwinda ndege wa porini ovyo bila kibali, na kutumia sumu ni kosa.

MBUGA ZETU ZINAJULIKANA DUNIANI

Mahali penye maji kwa mwaka mzima au kwa majira huitwa ardhi oevu. Ni mbuga, mabwawa, mabonde ya mpunga, kingo za mito na hata fukwe za bahari.

Mwaka 1971 nchi kadhaa zilikutana katika mji wa Ramsar, nchini Irani, zikaandika mkataba wa kutunza ardhi oevu. Tanzania ilijiunga mwaka 2000. Je, mahali pa kwanza pa Tanzania kuandikwa katika mkataba huo palikuwa wapi? Ni huku kwetu magharibi: Malagarasi-Muyovozi, eneo la kilomita za mraba zipatazo 32,500 katika mikoa ya Kigoma, Tabora na jirani zake. Mto Ugalla, unaotoka huku Tabora, hupeleka maji yake huko, kisha Malagarasi huyapeleka Ziwa Tanganyika. Msafiri wa treni ya Kigoma hupita Nguruka na kuvuka nchi hiyo ya maji. Huko yupo korongo nyangumi, ndege wa ajabu mwenye mdomo mkubwa kama kiatu cha mbao. Wapo pia samaki wanaolisha maelfu ya watu.

Upande wa mashariki yetu iko mbuga ya Wembere. Maji yake huenda Ziwa Kitangiri na Ziwa Eyasi. Nayo hujaa ndege wa maji wakati wa masika.

Huko pwani nako kuna mahali kama hapo. Eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliandikwa katika mkataba mwaka 2004. Maji ya bahari yakipwa, vitwitwi kutoka nchi za baridi hushuka kwenye matope kula minyoo na kaa wadogo. Majira ni yale yale: huja Septemba na Oktoba, huondoka Machi na Aprili. Wavuvi wa Rufiji na wakulima wa Uyui wana wageni wa ukoo mmoja.

KIJIJI KILICHOBADILI NIA

Labda utasema, "Haya ni maneno ya wataalamu. Mwanakijiji ataweza nini?" Sikiliza kisa cha Pangti.

Pangti ni kijiji katika jimbo la Nagaland, nchini India. Kozi wa Amur hutua hapo kwa maelfu mengi, mwezi wa Oktoba na Novemba, kabla ya kuvuka bahari kuja Afrika. Wanakijiji walikuwa wakiwatega kwa nyavu na kuwauza kwa chakula. Mwaka 2012 watu wengi duniani walishtuka kuona picha za mauaji hayo.

Wazee wa kijiji na viongozi wa dini wakaitisha mikutano. Halikuwa jambo jepesi, maana watu walikuwa wakipata fedha hapo. Lakini walikubaliana. Mwaka 2013 uwindaji ulisimama. Mwaka huo huo kozi watatu walifungwa vyombo vya kufuatilia safari, na mmoja akapewa jina la kijiji, Pangti. Waliokuwa wakitega wakawa walinzi.

Kwa hiyo ukimwona kozi akila kumbikumbi Igalula mwezi wa Desemba, kumbuka: huenda alipita mikononi mwa wanakijiji waliomwachia aje.

NAMNA YA KUTAZAMA NDEGE

Kazi hii haitaki fedha. Ukiwa na darubini ni vizuri, usipokuwa nayo macho yanatosha.

1. Nenda alfajiri au jioni. Mchana ndege wengi hupumzika.

2. Kaa jua likiwa nyuma yako. Ukitazama jua, kila ndege ataonekana mweusi.

3. Tulia. Usivae nguo za kung'aa. Acha mbwa na manati nyumbani.

4. Usikaribie tago. Mama akikimbia, mayai hupoa.

5. Ukikuta kundi kubwa, hesabu ndege kumi kwanza. Tazama kumi wamechukua nafasi kiasi gani. Kisha hesabu nafasi kama hizo ziko ngapi. Zikiwa 30, ndege ni kama 300.

6. Andika papo hapo. Usingoje kufika nyumbani, utasahau.

Andika mambo matano: tarehe, mahali, ndege gani, wangapi, walikuwa wakifanya nini. Kama hujui jina la Kiswahili, andika la Kinyamwezi, au eleza rangi yake.

Na hii ndiyo kalenda ya kukusaidia:

Septemba na Oktoba: mbayuwayu na vitwitwi wa kwanza. Keremkerem wa Ulaya, wala nyuki, husikika wakilia juu angani.

Novemba na Desemba: korongo wenye tumbo jeupe, korongo weupe na kozi wa Amur.

Januari na Februari: mbuga zimejaa maji. Mwezi wa Januari watu wa nchi nyingi duniani huhesabu ndege wa maji. Nawe hesabu wako.

Machi na Aprili: wageni huanza kurudi kwao. Tazama makundi yanayozunguka juu sana.

Mei hadi Agosti: hubaki wenyeji. Hukusanyika kwenye vidimbwi vilivyobaki.

Daftari la mwaka mmoja ni habari. Daftari la miaka kumi ni elimu. Litakuonyesha kama wageni wanachelewa, kama wanapungua, na kama mvua za kwenu zimehama. Hakuna ofisi inayoweza kukaa kwenye mbuga yako kila siku. Wewe ndiye uliyepo.

ILIVYOKWISHA

Yule kijana alisikiliza yote, kisha akauliza: "Na mpunga wangu uliokanyagwa, atanilipa nani?"

Ni swali la haki. Tukamwambia ukweli: hakuna atakayekulipa. Lakini upo ulinzi usio na sumu. Funga kamba kuzunguka majaruba, tundika vitambaa na makopo matupu. Amia kwa majuma machache ya mwanzo, wakati miche ni michanga. Mpunga ukishakomaa shina, miguu ya korongo haiuangushi kirahisi.

Mzee akasema anazo kamba za katani nyumbani, atampa. Kijana akacheka kidogo, akasema: "Haya baba, nitajaribu. Lakini kwelea akija, nitakuita wewe uamie." Darasa zima likacheka.

Tuliporudi mwezi wa Februari, tulikuta makopo yanalia kwa upepo kwenye majaruba yale. Yule mama alikuwa na daftari la ndege, kurasa nne zimejaa. Mstari wa kwanza ulisema: "Tarehe 12 Desemba. Mbugani. Korongo weusi tumbo jeupe. Kama 60. Wanakula viwavi." Herufi zilipinda kidogo. Habari ilikuwa imenyooka.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni ndege gani huja kijijini kwenu wakati wa masika tu? Wanaitwaje kwa lugha ya nyumbani?

2. Kwa nini korongo mweupe havuki bahari moja kwa moja?

3. Mzee alisema korongo huleta mvua. Alikosea wapi, na alipatia wapi?

4. Kidimbwi kimoja hutumiwa na nani na nani kijijini kwenu? Sumu ikiingia humo itafika wapi?

5. Kwelea 200,000 watakula kilo ngapi za nafaka kwa siku moja?

MANENO MAPYA

Ardhi oevu: mahali penye maji au unyevu kwa mwaka mzima au kwa majira.

Kuamia: kulinda shamba lisiliwe na ndege.

Mkataba: mapatano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi.

Majira: wakati maalumu wa mwaka, kama masika au kiangazi.

Darubini: chombo cha kuonea vitu vilivyo mbali.